Kuangaliziana: Historia ya Ulinzi Usiokuwa na Sare Tandale

Historia ya ulinzi katika jiji la Dar es Salaam imezoeleka kuandikwa kutoka upande wa polisi, yaani kwa kufuatilia vituo, sheria na operesheni, na kwa sababu hiyo Tandale, kata ya Wilaya ya Kinondoni iliyo jirani na Manzese na Sinza, hujitokeza vitabuni pale tu uhalifu unapotajwa. Mtazamo huo huacha nje jambo la msingi, nalo ni kwamba kwa muda mrefu mali na watu wa Tandale wamelindwa zaidi na watu wasiokuwa na sare, mshahara wala silaha, kwa utaratibu wa kuangaliziana, ambapo mtu huombwa kutupia jicho kitu cha mwenzake wakati mwenyewe hayupo. Hoja ya insha hii ni kwamba dola, ya kikoloni na ya baada ya uhuru, haikuwahi kuiletea Tandale ulinzi wake yenyewe. Kila mara iliazima macho yaliyokuwapo, ikayapa jina na cheo, kisha ikashangaa yalipofumba.

Kabla ya kuwa mtaa, eneo hilo lilikuwa sehemu ya mashamba ya Wazaramo yaliyouzunguka mji, yenye minazi na mihogo, pamoja na mpunga kwenye mabonde yenye maji. Ulinzi wa shamba ulikuwa na vifaa na wataalamu wake. Kulikuwa na dungu, yaani jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya mazao, ambapo mlinzi, mara nyingi kijana au mzee asiyeweza tena kulima, alikaa kufukuza ndege, nyani na nguruwe. Kulikuwa pia na ulinzi usiohitaji mtu kukesha: kago, yaani kinga ya uganga iliyowekwa juu ya shamba au mti wa matunda ili mwizi adhurike, na fingo, yaani dawa iliyofukiwa ardhini, aghalabu mlangoni au mpakani, kwa ajili ya kulinda nyumba au kiwanja. Msomi wa leo anaweza kuvipuuza vitu hivi kama ushirikina, lakini vilifanya kazi ya kijamii iliyo wazi, kwa maana vilimtangazia kila mpita njia kwamba mali ile ina mwenyewe na kwamba mwenyewe anajulikana.

Mji wenyewe ulikua upande wa pili wa mashamba hayo. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga katika miaka ya 1860, Wajerumani wakauhamishia makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na chini yao na chini ya Waingereza waliowafuata ukagawanywa kimaeneo kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mgawanyo huo ulikuwa pia mgawanyo wa ulinzi, kwa kuwa askari na taa za barabarani vilielekezwa kwanza kwenye makazi ya Wazungu na maduka ya Wahindi, huku Waafrika wa mjini wakitazamwa zaidi kama watu wa kuchungwa kuliko watu wa kulindwa. Sheria ya mwaka 1944 ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa, ambayo iliwapa watawala uwezo wa kumrudisha kwao Mwafrika asiyekuwa na kazi ya kueleweka, inaonyesha fikra hiyo vizuri kuliko hotuba yoyote ya gavana. Waliokwepa misako hiyo walipata hifadhi katika vijiji vya pembezoni, mahali ambapo mtu aliweza kupanga chumba au kununua kipande cha shamba kwa Mzaramo mwenye ardhi bila kuulizwa karatasi. Baada ya uhuru mwaka 1961, wahamiaji walipoongezeka, pembezoni hizo zilijaa haraka, na Tandale ikawa mtaa wa nyumba zilizojengwa bila ramani ya serikali, huku jirani yake Sinza ikipimwa viwanja katika miaka ya 1970 kwa mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia.

Umbo la nyumba iliyoenea katika mtaa huo linaeleza mengi kuhusu aina ya ulinzi uliokua ndani yake. Nyumba ya Kiswahili, kama inavyoitwa na wasanifu majengo pamoja na wapangaji wenyewe, ina ukumbi mwembamba katikati, ambao siku hizi wengi huuita korido, na vyumba vitatu kila upande. Mbele kuna kibaraza kinachotazama njia, na nyuma kuna uani, mahali pa jiko, choo na kamba za nguo. Mwenye nyumba huishi katika chumba kimoja au viwili na kupangisha vinavyobaki, kila chumba kwa familia yake, hivyo chini ya paa moja wanaweza kukaa watu wa makabila matano wasiokuwa na undugu wowote isipokuwa ukumbi wanaopishana. Hakuna anayeweza kuingia chumbani kwa mwenzake bila kupita mbele ya milango ya wengine, na hakuna anayeweza kutoka na redio au godoro la mtu bila kuonwa na aliyekaa kibarazani akisuka nywele au kuchambua mchele. Faragha ilikuwa ndogo na umbea ulikuwa mwingi, lakini mambo hayo mawili, yanayolalamikiwa na kila mpangaji, ndiyo yaliyofanya kufuli la shilingi chache litoshe.

Ndani ya nyumba hizo na kwenye njia zilizozitenganisha, kuangaliziana kulikuwa na adabu yake, ambayo mgeni kutoka Singida, Kigoma au Mtwara alipaswa kujifunza kama alivyojifunza njia ya kwenda kisimani. Kwanza, ombi lilielekezwa kwa mtu mahususi na kwa jina la heshima linalomfaa: mwanamke mwenye watoto aliitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, yaani mama fulani, mzee wa kibarazani aliitwa babu au mzee, na kijana aliitwa kaka au dada hata kama mwombaji alimzidi umri. Pili, kitu kilionyeshwa kwa mkono au kwa macho, iwe ndoo iliyo kwenye foleni ya maji, sufuria ya maharage jikoni, nguo kambani au mtoto aliyelala, kwa sababu aliyekubali kuangalia alikubali kile alichokiona na si kingine. Tatu, mwombaji alitaja anakokwenda na muda atakaokuwa huko, kwa maneno kama «niangalizie hapa, nafika dukani mara moja», na aliporudi alipaswa kujitokeza na kushukuru ili mwenzake awe huru kuondoka. Aliyerudi kimya akachukua kitu chake bila kusema neno alihesabika hana adabu, na mara ya pili angejibiwa kwamba watu wana shughuli zao.

Fedha haikutolewa, na kuitoa kungekuwa karibu na tusi, lakini deni lilibaki na lilijulikana. Anayeangaliziwa kila siku bila yeye kuangalizia wenzake alipewa jina la mtu mgumu, na habari zake zilifika kwa mwenye nyumba kabla ya kodi ya mwezi. Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili yanayokaribiana. Katika mafundisho ya Kiislamu, ambayo wakazi wengi wa asili wa Tandale waliyafuata, amana ni mali iliyokabidhiwa mkononi mwa mtu aihifadhi kwake, naye hawajibiki kuilipa ikipotea ila akiwa amezembea au ameitumia bila idhini. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, ambayo mizizi yake ni sheria ya India ya mwaka 1872, nayo humtaka aliyekabidhiwa mali ya mwingine awe na uangalifu wa mtu wa kawaida kwa mali yake mwenyewe. Kitu cha kuangaliziwa hakikuhama mahali pake wala hakikukabidhiwa, kwa hiyo hakikuingia sawasawa katika mizani hizo mbili. Ndoo ikiibwa, mwangaliaji hakudaiwa ndoo. Alichodaiwa ni maelezo, kwamba alikuwa wapi na alimwona nani, na maelezo hayo ndiyo yaliyoanzisha msako. Kwa lugha ya kisheria, jirani alitoa ushahidi wake mapema, kabla ya kosa kutendeka.

Fikra ya namna hii haikuwa ya Uswahilini peke yake. Mwaka 1961, mwaka uleule wa uhuru wa Tanganyika, mwandishi Jane Jacobs wa New York alichapisha kitabu mashuhuri juu ya uhai na kifo cha miji mikubwa ya Marekani, akadai kwamba usalama wa barabara hautokani hasa na polisi bali na macho ya wenye maduka, wapita njia na watu wanaochungulia madirishani. Hoja yake iliwashtua wapangaji miji wa nchi za Magharibi. Mama muuza vitumbua wa Tandale asingeona jipya ndani yake, ila pengine angeuliza kwa nini macho hayo hayakupewa sifa ya kuwa kwa sehemu kubwa ni ya wanawake.

Baada ya uhuru, chama tawala cha TANU ndicho kilichoyapa macho ya mtaani cheo. Mwaka 1963 kiliamua kuunda mashina ya nyumba kumi kumi, na katika miaka iliyofuata kila shina likapata kiongozi aliyeitwa mjumbe au balozi wa nyumba kumi, ambaye bendera ya chama ilipepea mbele ya mlango wake. Balozi alipaswa kumjua kila mkazi na kila mgeni, kusuluhisha ugomvi wa mume na mke au wa mpangaji na mwenye nyumba, kuandika barua ya utambulisho kwa anayetafuta kazi au anayekwenda polisi, na kuripoti mambo yanayotia shaka. Kipindi hicho kilikuwa cha wasiwasi: mwezi Januari 1964 wanajeshi wa kambi ya Colito waliasi, maduka ya katikati ya jiji yakaporwa, na serikali changa ikaona ilivyokuwa na macho machache nje ya ofisi zake. Mahali ambapo nyumba moja ilikuwa na familia sita, nyumba kumi zilikuwa kijiji kizima, na balozi aliyefanya kazi vizuri alikuwa yule aliyekuwa tayari mwenye nyumba anayeheshimiwa, anayekaa kibarazani tangu zamani. Cheo kilimfuata; si yeye aliyefuata cheo.

Ubaya ulianza pale macho hayohayo yalipotakiwa kuangalia juu na chini kwa wakati mmoja. Mwongozo wa TANU wa Februari 1971, uliotolewa wiki chache baada ya Idi Amin kupindua serikali ya Uganda, ulitaka wananchi wafunzwe ulinzi wa taifa, na kutokana nao jeshi la mgambo likaenea hadi kwenye kata na viwanda. Sheria ya mwaka 1975 ikawapa mgambo uwezo wa kukamata watu. Mwaka 1983 ilifuata sheria iliyojulikana kwa jina la Nguvukazi, ambayo ilimtaka kila mtu mwenye nguvu awe na kazi inayotambulika, na katika misako yake jijini waliokamatwa ni wachuuzi, wauza kahawa na vijana waliojitafutia riziki vichochoroni. Balozi wa Tandale aliyetakiwa kuwataja wasiokuwa na kazi alitakiwa kwa kweli kuwataja wapangaji wake, wateja wa mkewe na watoto wa jirani zake. Wengi walijifanya hawaoni. Hukumu ya haki ni kwamba utiifu huo kwa majirani ulikuwa ulinzi pia, hata kama ripoti za wakati ule ziliuita uzembe.

Wakati dola ikitafuta wazururaji, soko la Tandale lilikuwa likijenga utaratibu wake wa kulinda mali. Biashara ya nafaka ilikuwa mikononi mwa Shirika la Usagishaji la Taifa, na kusafirisha magunia kutoka mkoa hadi mkoa kulizuiwa. Vizuizi hivyo vilianza kulegezwa mwaka 1984 na kuondolewa mwaka 1987, na masoko ya Manzese, Tandale na Tandika yakawa milango mikuu ya mahindi, mchele na maharage ya jiji. Mfanyabiashara aliyeshuka na mzigo kutoka Iringa au Songea hakuwa na ghala wala ndugu sokoni. Alimtegemea dalali, yaani mtu wa kati anayempokea, kumtafutia wanunuzi na kukaa na magunia yake kwa ujira wa kila gunia, na usiku walikuwapo walinzi waliolipwa kwa michango ya wenye mali. Hapa kuangaliziana kulikutana na malipo kwa mara ya kwanza kwa kiwango kikubwa, na sababu yake inaeleweka: jirani anaweza kuangalia ndoo kwa dakika kumi kwa hisani, lakini gunia la lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo mpaka likashonewa kilemba, haliwezi kukeshewa wiki nzima kwa hisani. Hata hivyo mchuuzi mdogo wa pembeni, mwenye mafungu ya nyanya na dagaa, aliendelea kumwomba mwenzake wa meza ya pili amwangalizie wakati wa swala, na anaendelea hadi leo, hata mauzo ya dakika hizo yakifanywa na mwenzake huyo kwa uaminifu kamili.

Sungusungu lilikuja Dar es Salaam kutoka bara. Jina ni la wale wadudu weusi wanaotembea kwa makundi na kuuma kwa pamoja, nalo lilipewa vikundi vya ulinzi vilivyozuka miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi, hasa Kahama na maeneo mengine ya Shinyanga, mwaka 1981 na 1982. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimeacha bunduki mikononi mwa watu, wizi wa ng'ombe ulikuwa umekithiri, na wanavijiji hawakuwa tena na imani na polisi na mahakama. Waliunda jeshi la pinde na mishale lenye viongozi wake, viapo vyake na ukunga wake wa kuitana, na aliyeusikia asitoke alitozwa faini. Polisi na mahakimu hawakupendezwa; baadhi ya washukiwa waliteswa, na wanawake wazee waliodaiwa kuwa wachawi wakawa miongoni mwa walioumia. Uongozi wa chama tawala, kinyume chake, uliona ndani yake nguvu ya umma, na hatimaye sheria namba 9 ya mwaka 1989, iliyorekebisha sheria za mgambo, iliwapa sungusungu uwezo wa kukamata kama ule wa mgambo.

Jijini, ambako Augustine Mrema alilipigia debe akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani tangu mwaka 1990, sungusungu lilibadilika sura. Hapakuwa na ng'ombe wala ukoo wa pamoja. Palikuwa na orodha ya zamu, rungu, filimbi na tochi. Kila kaya ilitakiwa kutoa mwanamume wa kukesha au kuchangia fedha, na kwa kuwa mtu aliyeshinda akibeba magunia hawezi kukesha kisha abebe tena alfajiri, wengi walichagua kuchangia. Hatua kwa hatua zamu ikawa ajira ya vijana wachache wasiokuwa na kazi, ambao nyakati fulani ndio waliotiliwa shaka na majirani zao. Wanawake, ambao mchana walikuwa ndio macho ya mtaa, hawakuhesabika katika zamu ya usiku wala katika vikao vya kuipanga. Kosa hilo la mwanzo halijapewa uzito unaostahili na waandishi wa historia ya vikundi hivi.

Ukunga wa kuitana una upande mwingine ambao hauwezi kufichwa. Neno «mwizi» likipazwa kichochoroni huwatoa watu ndani kwa haraka ambayo hakuna gari la polisi linaloweza kuifikia, lakini umati huohuo umewahi kuwapiga na kuwachoma watu moto, wakiwamo wasiokuwa na hatia, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiyaorodhesha mauaji hayo mwaka hadi mwaka katika taarifa zake kuhusu nchi nzima. Tofauti kati ya mambo haya mawili ni ya kimsingi. Kuangaliziana hutegemea mtu kumjua mtu, ilhali umati hukusanyika kwa sababu hakuna anayemjua aliyeangushwa chini. Pale ambapo mama fulani hutokea akasema «huyo ni mtoto wa nyumba ile», mara nyingi mawe huanguka mikononi.

Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, balozi wa nyumba kumi alibaki kiongozi wa chama kimoja, na kazi yake ya kiserikali ikahamia kwa mwenyekiti wa mtaa, aliyepigiwa kura chini ya mfumo huo kwa mara ya kwanza mwaka 1994. Kwa mazoea, wakazi waliendelea kupita kwa wote wawili. Kuanzia mwaka 2006, chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema, Jeshi la Polisi lilihimiza polisi jamii, na vikundi vya mitaani vikapewa jina la ulinzi shirikishi. Orodha ya zamu na mchango wa kila kaya vilikuwa vilevile vya sungusungu, isipokuwa sasa kulikuwa na semina, fulana na risiti. Vikundi hivyo huchangamka baada ya tukio na kulegea baada ya miezi michache. Hofu ya magenge ya vijana waporaji walioitwa Panya Road, iliyotikisa jiji mwanzoni mwa mwaka 2015, ilivifufua, vikalegea, na mwaka 2022, uvamizi wa majumbani uliporudi, viongozi wa mkoa waliagiza vifufuliwe tena. Nchini Kenya, serikali ilipotangaza mpango wa Nyumba Kumi baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, ilikopa jina na umbo kutoka Tanzania, lakini katika maghorofa ya Nairobi ambako majirani hawasalimiani mpango ulikosa kibaraza cha kukalia.

Kibaraza chenyewe kinapungua Tandale. Tangu barabara za ndani zilipowekewa lami na mitaro kwa mradi wa kuendeleza jiji ulioanza mwaka 2015, vyumba vya mbele vimekuwa vikigeuzwa fremu, yaani maduka ya kupangisha, nyumba za zamani zinauzwa na kujengwa upya kwa ukuta na geti, na baadhi ya wenye maduka wameweka kamera na kumwajiri kijana wa Kimasai mwenye rungu na sime alale mlangoni. Ulinzi wa kununua unamfaa mwenye fremu. Haumfai mpangaji wa chumba kimoja, na katika kata iliyohesabiwa kuwa na watu zaidi ya 50,000 katika sensa ya mwaka 2012, wapangaji wa chumba kimoja ni wengi kuliko wenye fremu. Tarehe 27 Novemba 2024 wakazi wa mitaa ya Tandale, kama wenzao wa nchi nzima, waliitwa kuchagua wenyeviti na wajumbe wa kamati za mitaa, ambazo miongoni mwa majukumu yake ni ulinzi na usalama. Wajumbe hao, kama mabalozi wa mwaka 1964, hawalipwi mshahara.